Beringi za injini: standadi, za gredi au andasaizi, ipi inaenda na krenki yako

Mtu akishafungua injini iliyonoki swali la kwanza ni "nichukue beringi za ngapi", yaani vile vipande vya nusu duara ambavyo krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) inazunguka ndani yake, na jibu analopewa mara nyingi ni "chukua standadi tu" au "weka 0.25 zitakaa vizuri", na hapo hakuna hata mmoja aliyeshika maikromita, kile kifaa cha kupimia vitu vidogo sana. Mi nimeshakuwa huyo mtu. Niliambiwa injini haijawahi kufunguliwa tangu itoke kiwandani, nikaagiza seti ya standadi, zikaja, nikaanza kusafisha, siku ya kufunga ndo nikageuza kipande kimoja cha zamani nikaangalia mgongo wake, kimeandikwa 025, yaani 0.25 mm. Yaani krenki ilishasagwa zamani, mtu akafunga akanyamaza. Ningefunga zile standadi injini ingewaka vizuri tu, ila taa ya oili isingezima.

Kwaiyo kabla ya kulinganisha chochote geuza beringi za zamani. Nyuma au pembeni kuna maandishi, STD au 025 au 050, au 10 na 20 kama wanahesabu kwa elfu za inchi (10 ni 0.254 mm, 20 ni 0.508, kwaiyo ukubwa ni uleule karibu). Hayo maandishi yanakwambia aliyetangulia alifanya nini, hayakwambii krenki iko saizi gani leo. Krenki inaambiwa na kipimo tu.

Njia ziko tatu. Kuna standadi ya kawaida, kuna standadi za gredi, hizi zenye namba au rangi, na kuna andasaizi ambazo zinafuata baada ya krenki kusagwa. Watu wanazichanganya hasa hiyo ya pili na ya tatu, wanadhani zote ni "beringi nene kidogo". Ni kweli zote ni nene kidogo lakini moja inahesabiwa kwa maikroni (milimita ikigawanywa mara elfu) na nyingine kwa robo ya milimita, na hizo sio ndugu kabisa.

Ngoja nichukue konrodi moja (ule mkono unaounganisha pistoni na krenki) niweke namba zake hapa tuone, zote ni milimita. Tundu la konrodi, kepu (kifuniko chake cha chini) imefungwa kwa toki yake, yaani nguvu ya kukaza inayotakiwa, na hakuna beringi ndani, limepima 51.010. Kipande kimoja cha beringi standadi kina unene wa 1.495, viwili ni 2.990, kwaiyo ukishaviweka tundu linabaki 48.020. Shingo ya krenki, ile sehemu ya kung'aa inayozunguka humo ndani, imepima 47.980. Toa, unabaki na 0.040. Hiyo ndo nafasi ya oili, na kwa shingo ya karibu 48 hiyo ni nzuri sana. Kanuni ya mafundi wa zamani inasema elfu moja ya inchi kwa kila inchi ya shingo, kwa hii ingetoka 0.048 hivi, injini nyingi za siku hizi zinataka chini kidogo ya hapo, 0.02 mpaka 0.05, na kikomo cha kutumika mara nyingi kinawekwa 0.08 au 0.10. Kitabu cha injini yako ndo kina namba ya mwisho, zangu ni za kukuonyesha njia.

Sasa tuseme shingo hiyohiyo imelika, imepima 47.940. Nafasi imekuwa 0.080, uko mlangoni. Hapa ndo mtu anasema "imelika kidogo, weka 0.25 zibane". Haya hesabu. Beringi ya 0.25 kila kipande kimeongezwa nusu ya hiyo, yaani 0.125, kwaiyo kipande ni 1.620, viwili 3.240, tundu linabaki 47.770. Shingo yako ni 47.940. Shingo ni kubwa kuliko tundu kwa 0.17! Ukikaza kepu krenki inashikwa kama kwenye jiwe, haizunguki hata kwa bomba refu, na ukiilazimisha umeshaua beringi mpya kabla injini haijaonja oili. Niliwahi kumkuta jamaa anapaka oili na kugonga kepu kwa nyundo ili "zijipange", seti nzima iliishia kwenye chuma chakavu.

Kosa la upande wa pili ni lile langu la mwanzo, krenki imesagwa 0.25 halafu unaweka standadi. Shingo ni 47.730, tundu ni 48.020, nafasi 0.29. Unaweza ukasema 0.29 si kitu, si hata nusu milimita. Shida ni kwamba oili inavyovuja pembeni ya beringi inafuata ile nafasi ikizidishwa yenyewe mara tatu, nafasi ikiwa mara mbili uvujaji ni mara nane. Kutoka 0.040 mpaka 0.29 ni zaidi ya mara saba, piga mwenyewe saba mara saba mara saba uone. Hakuna pampu ya oili ya kuijaza hiyo, presha inaanguka, na beringi za mwisho wa mstari ndo zinakauka kwanza.

Jina "andasaizi" ndo linawapoteza wengi kwa sababu mtu anasikia anda anadhani beringi ni ndogo. Kilichokuwa kidogo ni krenki, beringi imenenepa ili ifuate krenki iliyopungua. Kwaiyo andasaizi haiendi kwenye krenki iliyochakaa, inaenda kwenye krenki iliyosagwa mpaka namba hiyo. Ukielewa hilo nusu ya kazi imeisha.

Turudi kwenye kuchagua. Standadi ya kawaida unaichukua kama shingo zote zimo ndani ya vipimo vya kitabu, hazina mikwaruzo ya kushika kucha, na hazijawa yai. Pima kila shingo mara nne, upande wa kushoto na wa kulia, halafu geuza robo mzunguko upime tena hizohizo mbili. Tofauti ya wima na mlalo ndo uyai, tofauti ya kushoto na kulia ndo shingo imechongoka. Vitabu vingi vinaruhusu kati ya 0.005 na 0.02 tu, na shingo za konrodi ndo zinaongoza kwa uyai maana kishindo cha pistoni kinapiga upande mmoja siku zote. Kama ni doa dogo la rangi au ukungu wa kutu kwa juu, kupolishi kunatosha, polishi inaondoa maikroni chache tu haibadilishi saizi. Kucha ikishika, polishi haikusaidii, na mtu anayekwambia atapolishi mpaka mkwaruzo uishe anakusagia krenki kwa msasa bila kipimo.

Za gredi ndo zinataka utulivu, na ndo ningependa watu wazielewe zaidi kwa sababu injini nyingi za Kijapani zinakwenda hivyo toka kiwandani. Kiwanda hakiwezi kutoboa kila tundu sawasawa na kila krenki sawasawa, kwaiyo wanapima kila moja wanapiga alama, halafu wanachagua beringi ya unene unaofidia. Kwenye injini nyingi za Toyota utaona namba kwenye bloku na namba kwenye krenki, kwa beringi za meni (zile zinazoshika krenki kwenye bloku) unazijumlisha, jumla unaipeleka kwenye jedwali la kitabu unapata namba ya beringi, na kwa konrodi injini nyingi za zamani kidogo zina 1, 2 au 3 kwenye kepu na beringi inabeba namba hiyohiyo. Honda wao wanatumia rangi pembeni ya beringi, unakutanisha alama ya bloku na ya krenki kwenye jedwali, nyekundu ndo nyembamba kabisa, inafuata pinki, njano, kijani, kahawia, nyeusi, na buluu ndo nene kuliko zote. Hatua moja na nyingine ni kama maikroni 3 kwa kipande. Tatu tu! Unywele wa kichwani ni kama 70.

Sasa linganisha na 0.25. Gredi zote ukizipanga kutoka nyembamba mpaka nene zinakupa kama 0.02 kwa kipande, haziwezi kuokoa shingo iliyolika 0.08, ila zinaweza kukutoa kwenye 0.055 ukarudi 0.045 bila kugusa krenki. Mi nikiwa na krenki safi, mviringo wake mzuri, ila nafasi iko upande wa juu wa kipimo, gredi nene moja au mbili juu ndo chaguo langu la kwanza kabla hata ya kufikiria mashine. Angalizo hapo, ile alama kwenye krenki inasema ilikuwa saizi gani siku inatoka kiwandani. Ikishatembea miaka alama haijui imelika kiasi gani, kwaiyo anza na alama halafu thibitisha kwa kipimo, na kama krenki ilishasagwa hizo alama zake sahau. Na kama umeweka krenki ya injini nyingine kwenye bloku yako, soma alama za hiyo krenki pamoja na za bloku yako, usinakili rangi za beringi ulizozitoa.

Seti za standadi zinazouzwa bila gredi mara nyingi zimetengenezwa kwa unene wa katikati, kwaiyo kwa injini ya kawaida zinakaa, ila kuna shingo itabana kidogo kuliko nyingine. Kwa gari la kutembelea sioni tatizo ilimradi kila moja imo ndani ya kipimo. Usipopima hujui kama imo, hilo tu.

Andasaizi inakuja pale krenki imekwaruzwa, imekuwa yai au imepita kikomo. Hapa hesabu ya mkwaruzo watu wanaikosea, mkwaruzo wenye kina cha 0.10 unaondoa 0.20 kwenye kipenyo maana mashine inasaga pande zote, kwaiyo 0.25 itatosha kwa shida. Mkwaruzo wa 0.15 unataka 0.30, 0.25 haifiki, unaenda 0.50 moja kwa moja. Na usisage kwanza ukatafute beringi baadae. Kuna injini zina 0.25 peke yake, kuna zina mpaka 0.75 na 1.00, na kuna nyingine kiwanda hakitengenezi andasaizi kabisa na hakiruhusu kusaga, kwa sababu shingo zimegumishwa juujuu tu kwa tabaka jembamba la nitrojeni, ukilisaga chini yake ni chuma laini kitakacholika upesi. Zile zilizogumishwa kwa induksheni (joto la umeme) tabaka lake ni nene, zinavumilia. Kwaiyo mpangilio ni huu, ulizia saizi ipo, nunua beringi, pima unene wake, peleka beringi na konrodi pamoja na krenki kwa mtu wa mashine umwambie nafasi unayoitaka asage kufuata hizo. Ukimwambia "saga 0.25" tu atasaga 0.25 ya jedwali, na beringi ya kampuni nyingine inaweza kutofautiana kwa maikroni kadhaa ikakutoa kwenye mstari.

Kitu kingine cha kumwambia ni ile kona ya mviringo mwisho wa shingo, pale shingo inapokutana na ukuta wake. Ikisagwa ikawa kona kali krenki inaanzia kupasuka hapohapo, ikiachwa kubwa mno beringi inapanda juu yake pembeni inachubuka. Na akirudisha krenki usiifunge hivohivo, matundu ya oili ndani yake yamejaa unga wa jiwe la kusagia, pitisha brashi na mafuta ya kusafishia kisha upepo mpaka utoke msafi. Huo unga nimeuona ukimaliza beringi mpya ndani ya safari ya kwanza.

Shingo za konrodi na za meni sio lazima ziwe saizi moja, unaweza kuwa na konrodi 0.25 na meni standadi, ni kawaida kabisa. Ila zote za konrodi zisagwe sawa, na zote za meni sawa, maana beringi zinakuja kwa seti na atakayefungua baada yako asikutane na mchanganyiko. Baada ya kusaga piga alama kwenye krenki au andika mahali.

Halafu kuna njia ya nne ambayo watu hawaiweki kwenye mizani, krenki nyingine iliyotumika. Ukilinganisha na kusaga mpaka 0.50 krenki yenye tabaka jembamba, mi nachagua krenki nyingine iliyo standadi na mviringo mzuri. Nayo unaipima kabla ya kuinunua, na unaiangalia kama imepinda.

Kwenye vifaa vya kupimia ubishi ni plastigeji au maikromita, na kusema kweli havishindani. Maikromita na geji ya tundu vinakusaidia kabla ya kununua, vinakwambia shingo ngapi, tundu ngapi, wapi pamelika. Plastigeji, kale kauzi ka plastiki laini, kanakusaidia mwisho kuthibitisha. Unakaweka juu ya shingo kavu isiyo na oili maana oili inakayeyusha, unafunga kepu kwa toki kamili, HUZUNGUSHI krenki hata kidogo, unafungua unalinganisha upana wake na kipimo kilichochapwa kwenye karatasi yake. Kakisambaa sana nafasi ni ndogo, kakibaki kembamba nafasi ni kubwa. Ya kijani inapima 0.025 mpaka 0.076, nyekundu 0.051 mpaka 0.152, buluu 0.102 mpaka 0.229, kwa gari ndogo ni kijani. Upana ukiwa tofauti kushoto na kulia shingo imechongoka. Lakini haikuonyeshi uyai vizuri, na ikikupa 0.08 haikwambii kosa ni la shingo au la tundu. Kama huna maikromita mpe mtu wa mashine akupimie, hiyo kazi ni ya dakika chache. Venia, ile rula yenye taya za kubana, achana nayo, ile inasoma kwa hatua za 0.02 au 0.05, na wewe unatafuta kitu ambacho chote ni 0.04.

Kama bolti za konrodi ni zile za kukaza kwa toki halafu kwa digrii, zile zinazovutika, tumia za zamani wakati wa kupima na weka mpya siku ya kufunga mwisho. Na usipime krenki iliyotoka kuanikwa juani au kuoshwa kwa maji ya moto, tofauti ya nyuzi 10 inabadilisha shingo ya 48 kwa maikroni 5 au 6, ambayo tayari ni karibu gredi moja nzima, maana maikroni 3 kwa kipande ni 6 kwa vipande viwili.

Tundu la konrodi nalo lipimwe, beringi ikishazunguka mle ndani tundu limeharibika na hakuna saizi ya beringi ya kulitibu, konrodi inarudishwa mviringo mashineni au inabadilishwa. Zipo beringi zenye mgongo mnene kwa matundu yaliyopanuliwa ila ni za injini chache. Kinachonikera ni mtu kukata karatasi ya aluminiamu akaweka nyuma ya beringi ili ibane, au kupiga kepu tupa ishuke. Ncha za beringi zinatokeza kidogo makusudi juu ya kepu, ukikaza zinabanana mgongo unashika tundu vizuri na joto linatoka kupitia hapo. Ukiweka karatasi au ukipiga tupa hizo ncha umeua vyote viwili.

Kuhusu malighafi sitakaa sana. Za aluminiamu na bati zinamudu uchafu mdogo na hazidhuriki upesi na asidi ya oili iliyochoka, kwa gari la kila siku zinatosha. Za tabaka tatu, chuma, shaba na metali laini juu, zinabeba mzigo mkubwa zaidi, kwaiyo turbo na dizeli nzito huko ndo kwao, ila lile tabaka la juu ni kama 0.01 mpaka 0.025 tu, zikianza kuonyesha rangi ya shaba muda wake umekwisha. Kiwanda kikiwa kimeweka aina fulani kwa injini yako fuata hiyo, saizi sahihi ya aina ya kawaida ni bora mara kumi kuliko aina ya mbio yenye saizi ya kubahatisha.

Za pembeni zinazozuia krenki isicheze mbele na nyuma zinasahaulika sana, nazo zina standadi na zilizoongezwa unene. Sukuma krenki upande mmoja kwa bisibisi, pima upenyo kwa fila geji, mara nyingi kinachotakiwa ni kati ya 0.05 na 0.25, kikizidi unachukua nene.

Ukiwa na boksi mkononi usiamini lebo, fungua usome mgongo wa kila kipande, nimeshapata boksi la 0.25 lina pea moja ya standadi ndani. Vile vya meni vyenye mfereji na tundu la oili vinakaa upande wa bloku, ukigeuza umefunga njia ya oili. Kaza kepu moja, zungusha krenki kwa mkono, kaza inayofuata, zungusha tena. Ikigoma ghafla baada ya kepu ya tatu unajua wa kumfungua ni nani, hulazimiki kufungua zote.